Mavuno Yakiisha, Tupumzike Pamoja



Kwenye ukuta wa chumba chetu cha kusubiria wagonjwa ilikaa kwa muda mrefu kalenda moja iliyoletwa na mtawa kutoka Ulaya. Picha ya mwezi wa kumi ilionyesha mlima uliojaa miti yenye majani mekundu na ya njano. Siku moja mama mmoja, aliyekuwa akingoja mtoto wake apimwe uzito, aliitazama sana picha ile, kisha akaniuliza, "Nesi, hii miti inaungua?"

Nilimweleza kama nilivyoelezwa na mwenye kalenda. Kwao, kuanzia Septemba hadi Novemba, kabla baridi haijaingia, miti mingi hubadili rangi ya majani na kuyapukutisha. Ndio wakati wao wa kuvuna maboga, matofaa na zabibu. Watu hutengeneza bustani zao, hupamba milango ya nyumba kwa maboga na mabua, na siku za Jumapili huchukua watoto wao kwenda kutazama milima na misitu.

Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe wenzetu wakishavuna wanafurahi pamoja. Sisi tukishavuna tunaanza kugombana."

Neno hilo limenikaa moyoni, na ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu. Wengi mtashangaa kwa nini muuguzi anaacha kuandika juu ya malaria na kuhara, anaandika juu ya bustani, mapambo na matembezi. Naomba mnivumilie. Nataka kuonyesha kwamba mambo hayo matatu yanahusu afya za watoto wetu, na kwamba familia isiyojua kupumzika baada ya mavuno inapoteza sehemu kubwa ya mavuno yenyewe.

GHALA LIMEJAA, MTOTO HAKUI

Mtoto wa yule mama alikuwa msichana wa miezi 19. Uzito wake ulikuwa kilo 8, na urefu wake ulikuwa wa mtoto wa mwaka mmoja. Hakuwa na homa wala hakuwa akiharisha. Nilimwuliza mama kama nyumbani kulikuwa na njaa. Akajibu kwamba mwaka ule walikuwa wamevuna magunia 30 ya mahindi.

Basi nikaendelea kuuliza. Magunia mengi yalikuwa yameuzwa mara tu baada ya kupukuchuliwa, bei ikiwa chini. Fedha zilishikwa na baba, na sehemu yake iliishia kilabuni kwenye komoni. Mama aliamka saa kumi alfajiri na kurudi nyumbani jua likizama, na mtoto alibaki na dada yake wa miaka 7, akilishwa ugali wa jana au uji mtupu mara mbili kwa siku. Mboga je? "Mboga zilikuwepo wakati wa mvua," akasema. Mayai? Yanauzwa. Mwisho nikamwuliza ni lini yeye, mumewe na watoto walikaa pamoja mchana mmoja bila kazi. Alifikiri kidogo. "Kwenye msiba wa baba mkwe," akajibu.

Ndugu wasomaji, huyu si mama mmoja tu. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Tanzania nzima watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Katika mkoa wetu wa Iringa idadi hiyo ilikuwa asilimia 56.9, ya juu kuliko mikoa yote nchini. Njombe jirani zetu nao walikuwa na nusu ya watoto. Hii ndiyo mikoa inayopeleka mahindi, viazi na maharage Dar es Salaam! Tunalisha wengine, na watoto wetu wanabaki wafupi.

Udumavu si ufupi wa kurithi. Ni alama ya kwamba mwili, na ubongo pia, havikupata vilivyohitaji katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa mpaka mtoto anapotimiza miaka miwili. Kilichopungua kwa kawaida si mahindi. Kinachopungua ni mboga, matunda, maharage, mayai na maziwa. Ni mikono isiyonawa. Ni mama aliyechoka kupita kiasi. Na ni muda wa mtu mzima kukaa na mtoto na kumlisha kwa subira. Muda huo haupatikani dukani. Unapatikana pale familia inapoamua kutua mzigo.

MIMI MWENYEWE NILIKOSEA

Kabla sijawashauri wengine, niseme na langu. Kwa miaka mingi nilijivuna kwamba sichoki. Nilishika zamu ya mchana, nikiombwa na ya usiku nilishika. Likizo yangu ilipofika niliitumia kulima, kuvuna na kusafirisha magunia. Jumapili nilikwenda Misa ya kwanza, kisha kazi. Niliwaambia wagonjwa wapumzike, nami sikupumzika.

Mwaka mmoja, mwezi wa saba, nikiwa katikati ya kupukuchua mahindi, nilipata kizunguzungu nikaanguka. Mwenzangu wa zamu alinipima presha akakuta 172 kwa 104. Nililazwa katika wodi ninayoifanyia kazi. Binti yangu alipokuja kuniona, aliniletea uji, akaketi kitandani, akasema kwa upole, "Mama, leo ndiyo mara ya kwanza nakuona umelala mchana." Alikuwa na miaka 16. Maneno yale yaliniuma kuliko sindano.

Dawa nilipewa, na namshukuru Mungu ninaendelea kuzimeza. Lakini niligundua kwamba nilikuwa nimewalea watoto wangu bila kuwaonjesha furaha ya kile tulichovuna pamoja. Walijua jembe, hawakujua matunda yake. Tangu mwaka ule nyumbani kwetu tuna desturi: mavuno yakishaingia ndani, tunasimama.

MSIMU WETU TUNAO

Wako watakaosema kwamba kufurahia msimu ni mambo ya wenye theluji. Si kweli. Mungu ametupa nasi majira yetu. Juni ikiingia, mvua zimekwisha, kipupwe kinaanza. Asubuhi kuna ukungu mabondeni, mchana anga ni safi na jua halichomi sana, jioni watu wanajifunika mablanketi. Barabara hazina matope. Watoto wako likizo kwa wiki kadhaa. Agosti na Septemba miti ya miombo hupukutisha majani, kisha, hata kabla ya mvua kunyesha, huchipua majani mapya ya rangi nyekundu na ya shaba. Atakayepita Septemba au Oktoba kwenye misitu ya miombo ya mkoa wetu ataona mlima mzima kama umewaka. Hakuna haja ya kuitazama kwenye kalenda.

Tena ni wakati ambao ghala lina kitu na mfuko una kitu. Kwa hiyo ni wakati mzuri wa kujenga afya, na pia ni wakati rahisi wa kuiharibu. Sisi wa hospitali tunauona upande huo wa pili: waliopigwa ngumi kilabuni, walioanguka na pikipiki, akina mama waliopigwa kwa sababu ya fedha za mahindi. Furaha itatafutwa tu. Binadamu hawezi kuishi bila furaha. Swali ni kama baba ataitafuta peke yake kilabuni, au kama nyumba nzima itaipata pamoja. Nami nashauri njia tatu ambazo hazina gharama kubwa.

KWANZA: BUSTANI KARIBU NA JIKO

Yule mama alisema kweli: kwetu mboga huisha mvua zikiisha. Lakini bustani ya familia haihitaji mto. Inahitaji maji machafu ya jikoni na dakika kumi za asubuhi.

Kwa wasio na eneo, jaribuni bustani ya kiroba. Chukua kiroba kikuukuu cha mahindi. Changanya udongo ndoo mbili kwa ndoo moja ya samadi iliyooza vizuri. Weka mkopo usio na kitako katikati ya kiroba, ujaze kokoto, kisha jaza udongo pembeni yake. Vuta mkopo juu kidogo kidogo, ukiujaza kokoto tena, mpaka kiroba kijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo itakayopeleka maji mpaka chini. Toboa matundu pembeni, upande miche ya chainizi, figili, spinachi au sukuma. Juu panda vitunguu au karoti. Kiroba kimoja kikitunzwa kitamsaidia sana mama mwenye watoto watatu.

Wenye eneo tengenezeni matuta madogo nyuma ya jiko. Pandeni mboga za aina mbalimbali: mchicha, mnafu, majani ya maboga, karoti na viazi vitamu vya rangi ya machungwa, ambavyo vina vitamini A ya kulinda macho na kinga ya mwili. Pembeni weka mparachichi, mpapai au mlimao. Ukikamulia limao kwenye mboga za majani, mwili hufyonza vizuri zaidi madini ya chuma, yanayoongeza damu. Kwa baridi ya hapa kwetu mboga hukua polepole, msikate tamaa. Wa upande wa Mufindi, ambako umande huganda usiku, wafunike miche kwa nyasi jioni na kuifunua asubuhi. Vidukari wakiingia, nyunyiza majivu kabla ya kukimbilia sumu ya dukani.

Na kibuyu chirizi cha kunawia mikono kiwekwe palepale bustanini, karibu na njia ya kutoka chooni. Mtoto ananawa, maji yanamwagilia mboga. Samadi mbichi isitumike, na mboga zioshwe kwa maji safi kabla ya kupikwa.

Hata hivyo napenda bustani kwa sababu nyingine zaidi ya chakula. Ni kazi ndogo inayofanywa pamoja. Mtoto wa miaka minne anaweza kumwagilia kwa mkebe. Bibi mwenye magoti mabovu anaweza kukaa kwenye kigoda na kung'oa magugu. Mama mwenye mawazo mengi, akishika udongo na kuona mche umeshika, moyo hutulia. Nimeona hivyo kwa wagonjwa wa presha na kwa waliofiwa. Na baba akichimba tuta jioni moja badala ya kwenda kilabuni, amefanya kazi ambayo watoto wataikumbuka.

PILI: KUIPAMBA NYUMBA

Parokiani tunajua kupamba. Siku ya kutolea mavuno tunaleta mikungu ya ndizi, maboga, mahindi na maua mpaka altare inapendeza. Je, nyumbani, ambako ndiko Kanisa dogo, mbona tunaishi kana kwamba mavuno hayakufika?

Kupamba si kununua. Bibi zetu walisiriba nyumba kwa udongo mwekundu na mweupe kila baada ya mavuno, wakachora kingo za milango kwa vidole. Ndoo moja ya chokaa leo hufanya chumba cheusi kwa moshi kiwe na mwanga. Vikapu vyetu vya Iringa vinavyosukwa kwa milulu vinasafiri mpaka Ulaya na Marekani kupamba nyumba za watu, na kwetu havipo hata mezani! Weka kimoja chenye maparachichi na ndizi mahali watoto wanapofikia, uone kama hawatakula matunda. Tundika mahindi ya mbegu, yale mazuri ya mistari mirefu, juu ya mlango. Weka maua mbele ya picha ya Bikira Maria, hasa ikikaribia tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa kwake Mbinguni.

Kazi ya kupamba huleta na usafi, na hapo muuguzi anafurahi mara mbili. Unapopaka chokaa, unatoa vitu vyote nje, unaanika magodoro juani, unafungua madirisha yaliyozibwa kwa magunia. Lakini naomba mzingatie mambo manne, kwa sababu kila kipupwe tunapokea wagonjwa wa namna hii.

La kwanza, jiko la mkaa lisilale ndani. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, hulala, asiamke tena. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua milango, mtoe nje kwenye hewa safi, mkimbize hospitali.

La pili, vidonge vya kufukiza nafaka visitumike kamwe katika nyumba wanayolala watu. Gesi yake huua wadudu, na huua watoto pia. Chupa na mikebe ya sumu ya mashambani isigeuzwe kuwa ya maua wala ya maji ya kunywa.

La tatu, mahindi yaanikwe kwenye turubai na kukaushwa sawasawa. Yenye ukungu yasiliwe, wala yasisagwe uji wa watoto. Ukungu ule huweza kuleta sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

La nne, mbarika usipandwe uani penye watoto, maana mbegu zake nzuri zenye madoa ni sumu kali.

TATU: KUTOKA PAMOJA

Hapa ndipo wengi hunicheka. "Nesi anataka twende utalii!" Ndiyo, nataka. Kila mwaka wageni huja kutoka mbali kutazama mahali ambapo sisi hatujawahi kuwapeleka watoto wetu.

Walio Iringa mjini wana Gangilonga, lile jiwe kubwa juu ya mji ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linalosema. Baada ya Misa familia inaweza kulipanda taratibu, ikaona mji wote na milima inayouzunguka. Kilometa 15 hivi kutoka mjini ipo Kalenga, makao ya Mtwa Mkwawa, aliyewashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, na ambaye ngome yake ilianguka mwaka 1894. Fuvu lake lililochukuliwa Ujerumani lilirudishwa mwaka 1954 na limehifadhiwa katika jumba la makumbusho hapo. Kijana wa Kihehe akisimama pale huku babu yake akimsimulia, atajifunza somo ambalo halisomeki vilevile darasani. Na kilometa 20 hivi, kwenye njia ya Mbeya, ipo Isimila, bonde lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji ya mvua, ambako zimeokotwa zana za mawe za watu walioishi miaka zaidi ya laki mbili iliyopita.

Kama nauli na kiingilio vinashinda, hata kilima cha kijijini kinatosha. Jambo kubwa ni kwamba mmekwenda pamoja, mmetembea, mmekula pamoja, mmerudi mmechoka vizuri. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 angalau kila wiki, kama vile kutembea kwa haraka. Mtaniambia mkulima anatosha mazoezi. Mkulima ndiyo. Lakini mwalimu, karani, fundi cherehani na mwenye duka, ambao siku hizi wamejaa katika kliniki yetu ya presha na kisukari, wao je?

Bebeni viazi vilivyochemshwa, mayai, ndizi na maji yaliyochemshwa. Acheni soda nyumbani. Wenye ualbino wavae kofia pana na mikono mirefu. Mama mjamzito asipande mawe; akae chini ya mti na bibi, nao wana yao ya kuzungumza. Watoto wasiachwe kuogelea mtoni, kwa sababu ya kichocho na kwa sababu ya kuzama. Kwenye bodaboda wasipakiwe wanne, na kofia ngumu zivaliwe. Na kileo kisiwepo. Siku moja bila kileo haijamwua mtu.

"HATUNA NAFASI, HATUNA FEDHA"

Najua majibu yatakayokuja. Niliyatoa mimi mwenyewe kwa miaka zaidi ya 20.

Wa kwanza atasema kazi haziishi: kupukuchua, kuanika, kufunga mizigo, kuandaa shamba jipya. Ni kweli haziishi. Hazitaisha hata siku tutakapozikwa. Ndiyo maana Mungu hakutuambia tupumzike kazi zikiisha, alitupa siku. Katika Injili ya Marko sura ya 6, Mitume walirudi kutoka kazini wamechoka, watu wamewazonga hata kula hawakuweza. Bwana hakuwaongezea kazi. Aliwachukua kwenda kando wapumzike. Naye Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2015 juu ya kutunza nyumba yetu ya pamoja, alikumbusha kwamba pumziko la Dominika ni sehemu ya kazi yetu, wala si uvivu.

Wa pili atasema hana fedha. Nakubali kwamba wako wajane, wagonjwa na wazee ambao kweli hawana, na hao jumuiya iwachukue wakati wa kwenda. Lakini wengi wetu katika mwezi wa saba fedha tunayo, ila haikai mezani ikapangwa na wawili. Akina baba, naomba msinikasirikie. Kabla gari la mnunuzi halijafika, keti na mama watoto. Tengeni kwanza magunia ya kula mpaka mavuno yajayo. Tengeni ya ada na ya bima ya afya. Kisha gunia moja liwe la furaha ya nyumba: mbegu za mboga, kuku wawili wa mayai ya watoto, chokaa, na nauli ya siku moja ya kutoka. Gunia moja tu! Linganisheni na yale yanayopita kilabuni bila kuandikwa popote.

Wa tatu atasema ni mambo ya kizungu. Huyo namwuliza: Je, ngoma za mavuno za babu zetu zilikuwa za kizungu? Bibi aliyechora mlango wake kwa udongo mweupe alifundishwa na nani? Tulikuwa na desturi ya kusimama na kufurahi baada ya kuvuna, tukaiacha njiani tulipoanza kuhesabu kila punje kwa shilingi. Nashauri tuiokote.

TUANZE KATIKA JUMUIYA

Kwa mtu mmoja mmoja ni vigumu kuanza. Kwa hiyo naziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zichague Jumapili moja kila mwezi, Juni hadi Septemba, iwe siku ya familia. Mwezi wa kwanza tujengeane bustani za viroba, tukianza kwa wajane na kwa nyumba zenye watoto chini ya miaka miwili. Mwezi wa pili tusaidiane kupaka chokaa. Mwezi wa tatu tutoke pamoja. Mwezi wa nne watoto wapimwe uzito na urefu, tuone kama tumesogea. WAWATA wanaweza kufundisha mapishi ya uji wenye karanga na mboga. Na UWAKA, akina baba wenyewe, waongoze matembezi, ili watoto wawaone baba zao wakicheka mchana.

Mtauliza yule mtoto wa miezi 19 alifikia wapi. Mama yake alirudi kliniki mara nne. Mara ya tatu alikuja na mumewe, kwa kuwa nilikuwa nimemwita kwa barua kupitia katekista. Hakufurahi kuitwa. Alikaa kimya, nikamwonyesha mstari wa kadi ya mtoto jinsi ulivyolala chini. Aliutazama muda mrefu, akauliza, "Nifanye nini?" Nilimwambia achimbe tuta, anunue kuku wawili, na Jumapili moja ambebe huyu mtoto yeye mwenyewe mpaka kilimani.

Sitawadanganya kwamba alibadilika siku ile. Urefu uliopotea mapema ni mgumu kurudi, na mtoto yule bado ni mdogo kuliko wenzake. Lakini uzito ulipanda. Na mara ya nne, mama aliponisalimu, "Kamwene, nesi," alicheka kabla sijamwuliza kitu. Akasema mumewe alipanda kilimani na mtoto begani, na walipofika juu aliwaonyesha watoto mipaka ya shamba lao. Walikuwa wamelilima miaka yote bila kulitazama.

Kipupwe hiki, ndugu wasomaji, mkalitazame lenu. Mungu awabariki ninyi na watoto wenu.